Aliyekufa Mgodini Alikuwa wa Nani?

Neptune Frost inaanza na kifo. Katika mgodi wa koltani kwenye vilima vya Burundi, kijana aitwaye Tekno anasita kuchimba. Analiinua jiwe alilolitoa ardhini, analitazama kwa mshangao. Mlinzi mwenye bunduki hataki mshangao kazini. Anampiga, Tekno anaanguka, na ndugu yake Matalusa anabaki na mwili mikononi huku kazi ikitakiwa iendelee. Ngoma zinalia mlemle mgodini. Kwa dakika hizo chache niliamini kwamba nimeipata filamu ya Afrika Mashariki nitakayoisifu hadi uzeeni.

Niliitazamia nyumbani Nyanchwa, Kisii, nikiwa na binamu yangu aliyekuja mjini kwa shughuli zake kutoka Tabaka. Mtu wa Tabaka haelezwi machimbo ni nini. Kule, upande wa South Mugirango, wanaume huteremka mashimoni kung'oa mawe ya sabuni, wanawake hukaa vivulini wakisugua vinyago kwa msasa na maji, na mvua ikizidi kuta za mashimo huporomoka. Vinyago hivyo vinapanda ndege hadi Ulaya na Marekani. Aliyevitoa shimoni hapandi hata gari la kufika Mombasa akavione vikiuzwa. Binamu amechimba, amechonga, na amebeba jeneza la mtu waliyechimba naye. Tekno alipoanguka, aliweka kikombe chake cha chai chini.

Muda ukapita. Skrini ilijaa vijana waliovaa nyaya na vipande vya kompyuta, wakinena kwa mafumbo, wakiimba kwa zamu. Mmoja anaitwa Memory, mwingine Psychology, mwingine Innocent. Binamu alivumilia. Alikubali chai ya pili. Hatimaye akanigeukia.

"Mwalimu, yule aliyekufa alikuwa wa nani?"

"Si ndugu yake Matalusa?"

"Hilo nimeliona. Nauliza kwao. Nani yuko nyumbani kwao analia?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Filamu ilikuwa imeshaondoka mgodini, iko kwenye ulimwengu uitwao Digitaria, inazungumza kuhusu mitandao na nyota na mamlaka. Binamu alilala kabla haijaisha, na kwa mtu anayeamka kabla ya jogoo sikumlaumu.

Niwe mwadilifu. Neptune Frost si kazi ya wababaishaji. Iliongozwa na Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, pamoja na Anisia Uzeyman, mzaliwa wa Rwanda. Walitaka kuipigia picha Burundi, lakini baada ya mgogoro wa 2015 ikabidi wahamie Rwanda. Mwaka 2021 ilionyeshwa Cannes, katika kitengo cha waongozaji, na wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani wakaipokea kwa mikono miwili. Ndani yake mna Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na hakuna anayesimama kuomba radhi kwa kuchanganya. Maleba yaliyobuniwa na Cedric Mizero kutokana na takataka za vifaa vya elektroniki ningeyalipia kiingilio hata yangewekwa peke yake ukumbini. Ngoma za wachimbaji zinafika kifuani. Hoja yake pia ni ya kweli tupu: koltani ndiyo inayotupa tantalamu iliyomo ndani ya simu zetu, na anayeichimba ndiye wa mwisho kunufaika.

Kwa hiyo si uvivu ulioniudhi. Kuna filamu inayoshughulika na watu, na kuna inayoshughulika na sura yake yenyewe, kama bwana harusi anayejitazama kwenye kioo huku wageni hawajapewa chai. Kila picha katika Neptune Frost imepangwa ipendeze. Kila sentensi imepangwa inukuliwe. Wahusika hawaulizani mambo ambayo watu huulizana: umekula, mguu unauma bado, pesa ya nauli utatoa wapi. Asili yake inaeleza kiasi. Kabla ya kuwa filamu ilikuwa muziki. Albamu ya Williams ya 2016, MartyrLoserKing, ni tawi la mradi huohuo. Ukiisikiliza kama albamu inanyooka. Ukiitazama kama hadithi inakuacha mlangoni.

Tatizo ni kwamba ilianza kwa kunionyesha maiti. Kwetu Gusii maiti si pambo la mwanzo. Mtu akifa Nairobi au Mombasa, harambee huitishwa usiku huohuo ili mwili urudi nyumbani, na atakayesimama kaburini lazima aeleze marehemu ni mtoto wa nani, alisoma wapi, alioa wapi, ameacha nani. Hotuba hizo huwa ndefu mno, nakubali, hasa wanasiasa wakishapewa kipaza sauti. Lakini hakuna anayezikwa bila kuelezwa. Swali la binamu lilitoka huko, na sidhani mwongozaji yeyote duniani angeweza kulikwepa kwa kusema kwamba ile ni sanaa.

Elimu yangu ya filamu niliipata kwa wizi. Nyanchwa ni mlima wa Waadventista. Wamisionari wao walifika Gendia, upande wa ziwa, mwaka 1906, na katika miaka ya 1910 wakapanda huku juu Gusii na kujenga misheni hapa, juu ya mji wa Kisii. Kanisa lipo, shule zipo, na Ijumaa jua likizama mlima wote unatulia. Tata, yaani baba yangu, alikuwa mzee wa kanisa. Kwake sinema ilikuwa kwenye orodha moja na busaa na kamari, na hakuona haja ya kueleza kwa nini.

Lakini Sabato ina mwisho wake. Jumamosi giza likiingia, vijana wa mlimani tuliteremka mjini kwa visingizio mbalimbali, na mimi changu kilikuwa kununua mafuta ya taa. Kibanda cha video kilikuwa cha mabati, na benchi zake zilichoma suruali kwa misumari. Televisheni ilikuwa ndogo kuliko dirisha la kwetu. Stima ikipotea, na ilipotea mara kwa mara, jenereta liliunguruma mpaka maneno ya waigizaji yakamezwa yote. Haikudhuru. Wengi wetu Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani, na Wamarekani wa kwenye filamu hizo hawakuzungumza cha darasani.

Huko ndiko nilikoiona Commando ya 1985. Arnold Schwarzenegger ni baba, binti yake ametekwa, na ndege aliyopaswa kusafiri nayo itachukua saa 11 kufika inakokwenda. Akishatoroka kwenye ndege hiyo anatega saa yake ya mkononi. Basi. Makanga wa matatu, fundi viatu, muuza miwa na mtoto wa mzee wa kanisa wote wameelewa deni ni la nani na linalipwa lini. Filamu yenyewe ni ya kipuuzi, bunduki zake hazimalizi risasi, na wanaokufa ni wengi kuliko wanaotajwa majina. Lakini haikuwahi kutusahaulisha yule binti.

Kibanda kilikuwa na uhakiki wake. Filamu ikichosha, sauti zilipanda kutoka benchi za nyuma: "Songa mbele!" Ikizidi, "Weka ingine!" Usiku mmoja mwenye kibanda alileta kanda aliyosifiwa na mtu fulani, filamu ya kizungu ambamo mwanamume alitazama mvua dirishani kwa muda mrefu sana. Kisii mvua hunyesha karibu kila alasiri, na hatukuhitaji kulipa kuitazama. Watu walidai pesa zao, na mwenye kibanda akatoa kanda ile na kurudisha Bruce Lee. Nilisomea fasihi baadaye, nikafundishwa majina mengi ya nadharia, lakini sijakutana na jopo la waamuzi lililonyooka kama lile.

Nilijifunza pia kwamba hadhira ya namna hiyo si wajinga, kama wanavyodhani wanaotengeneza filamu za matamasha. Walikumbuka kila kitu. Ukimwacha mhusika hospitalini katika dakika ya kumi, dakika ya themanini walikuuliza habari zake. Ndiyo maana kazi ya wasimulizi wa filamu ilishamiri kotekote kwetu. Kenya kuna DJ Afro, ambaye hufunika filamu za ng'ambo kwa Kiswahili na Sheng. Tanzania walikuwa na Lufufu. Uganda, kule Wakaliga, Nabwana Isaac alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa za mfukoni, sauti ya VJ Emmie iliunganishwa na filamu yenyewe, akichekesha na kushangilia juu ya risasi. Wasomi huwaona watu hawa kama waharibifu. Mimi nawaona kama mafundi wa kuziba mapengo. Msimulizi humpa jambazi jina la mtaa, humpa mama wa shujaa ugonjwa, hueleza ni nani anamdai nani. DJ Afro akipewa Neptune Frost, ndani ya dakika tano Tekno atakuwa na mama, na mchumba, na deni la sukari dukani.

Usiku uliofuata ule wa Neptune Frost niliweka Nairobi Half Life. Binamu hakuwa na imani tena na uchaguzi wangu, lakini alikaa. Tata, ambaye sasa macho yake yamechoka na msimamo wake umelegea, alikaa pembeni na kitabu cha nyimbo mapajani ili ijulikane kwamba hatazami.

Filamu hiyo ya 2012 iliongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa mashambani anayeuza DVD, na ili auze anaigiza mapigano ya filamu hizo mbele ya wateja wake. Hujamaliza kukaa vizuri na umeshajua anachotaka: awe mwigizaji. Mtu mmoja wa kundi la maigizo anamlia pesa kwa ahadi ya nafasi Nairobi. Anaenda. Saa zake za kwanza mjini anaporwa kila alicho nacho, pamoja na mzigo ambao si wake, kisha anatupwa korokoroni, na huko analazimishwa kusafisha choo ambacho hata kwenye skrini kinanuka. Anakisafisha kwa kukigeuza jukwaa. Binamu alicheka mpaka akashika mbavu.

Alipoporwa yule kijana, kitabu cha nyimbo kilifungwa.

"Hata mimi waliniibia," Tata alisema. "Stesheni ya mabasi ya Machakos. Walichukua koti na barua ya kazi."

Hatukuwahi kuambiwa habari hiyo. Tulisimamisha filamu akaisimulia yote: barua ilikuwa ya nani, alilala wapi, nani alimpa nauli ya kurudi. Kisha akaamuru tuendelee, maana alitaka kujua kama kijana atapata nafasi yake.

Nafasi anaipata, lakini wakati huo ameshaingia kwenye genge la Oti, lililoanza na vioo na taa za magari na sasa linaiba magari mazima. Mchana anafanya mazoezi ya mchezo wa jukwaani, usiku anaiba, na polisi wanaopaswa kuwakamata wanataka mgao wao. Mwisho wake una damu, na Tata aliangalia pembeni. Si filamu ya kubembeleza. Ina kasoro pia. Mwanamke mkubwa ndani yake, Amina, hajapewa maisha yake mwenyewe ya kutosha. Yupo zaidi kwa sababu wanaume wawili wanamtazama. Na kijana wa mashambani anayeharibiwa na mji tumeshamwona katika riwaya za Kiswahili tangu zamani. Hata hivyo kila anayekufa pale nilijua ananiuma kwa nini. Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora Durban mwaka huohuo, na Kenya kwa mara ya kwanza ikapeleka filamu kuwania Oscar ya lugha za kigeni. Nairobi watu walipanga foleni kuiona kwa wiki nyingi. Tuzo na foleni havigombani, ingawa wapo wanaofikiri vinagombana.

Mwenzangu mmoja anayefundisha sanaa aliniambia, nilipomweleza haya, kwamba nataka filamu zote ziwe Commando. Sitaki. Nyuma ya Nairobi Half Life kulikuwa na warsha iliyoanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann, na Tykwer ni fundi wa mbwembwe. Run Lola Run yake ya 1998 inarudia tukio moja mara tatu, inaingiza katuni, inamkimbiza msichana mwenye nywele nyekundu kwa muziki usiokoma. Lakini tangu mwanzo unajua: Lola ana dakika 20 kupata mark 100,000, asipopata mpenzi wake anakufa. Baada ya hapo Tykwer anaruhusiwa mbwembwe zote za dunia.

Na kutoka warsha hizohizo ikatoka Kati Kati ya Mbithi Masya, mwaka 2016. Hiyo ni ngeni kuliko zote. Mwanamke aitwaye Kaleche anajikuta nyikani, amevaa gauni la hospitali, hakumbuki lolote, na watu anaowakuta kwenye hoteli ya mbugani wanamwambia amekufa kama wao. Rangi zake zimepauka, watu wanatoweka bila maelezo. Binamu angeielewa bila taabu, kwa sababu swali la Kaleche ni lile lake: mimi ni wa nani, na nilikufaje? Filamu inamjibu, polepole, na jibu linauma. Haimalizi hata saa moja na nusu. Wahakiki wa kimataifa waliipa tuzo yao Toronto, na safari hiyo nilikubaliana nao kabisa.

Haya yote yangebaki maneno ya sebuleni kama nisingekuwa mwalimu. Mimi huandaa wanafunzi kwa mashindano ya drama ya shule, ambayo siku hizi yana kitengo cha filamu, na mashindano yetu yanapenda pambo kupita kiasi. Ukienda kutazama mashairi ya kikundi utaona watoto arobaini waliopakwa chokaa usoni, wakigeuka pamoja, wakipaza sauti pamoja, wakiilaani rushwa kwa mpangilio wa kupendeza. Ukimuuliza mmoja wao rushwa hiyo ilimfanya nini jirani yake, hana jibu. Hakuulizwa wakati wa mazoezi. Majaji wanatoa alama za usawazishaji, mavazi na sauti. Alama za "nani analia" hazipo kwenye karatasi.

Muhula mmoja msichana wa kidato cha tatu aliniletea mswada wa filamu fupi. Ulianza na moshi, kisha kinyago, kisha sauti isiyo na mwili ikizungumza kuhusu ardhi ya mababu. Kwa maandishi ulikuwa mzuri. Anajua kupanga maneno. Nilimuuliza kinyago ni cha nani. Akasema ni ishara. Nikamuuliza ishara hiyo inakaa boma gani, na nani humpikia. Alikasirika, nikaona sawa, maana mwandishi asiyekasirika hana analolilinda. Alirudi na hadithi nyingine: bibi mmoja Nyamira, siku ya bonasi ya majani chai, anavaa gauni la kanisani kwenda benki na wanawe wanamsindikiza, kila mmoja akiwa na bili yake mfukoni. Moshi aliubakiza, lakini sasa ulitoka jikoni kwa yule bibi. Hatukufika mashindano ya kitaifa. Wapishi wa shule waliomba ionyeshwe tena, na mmoja wao akasema anawajua wana wale kwa majina.

Kwa wanaotengeneza filamu nina ombi moja tu. Kabla hamjapeleka kazi zenu Cannes, Toronto au Durban, zileteni kwanza Kisii. Kodini ukumbi wowote, wekeni kiingilio cha bei ya soda, kaeni nyuma kwenye giza msikilize. Wachimbaji wa Tabaka watakuja, makanga watakuja, na wazee wa kanisa watakuja na vitabu vyao vya nyimbo. Wakiuliza aliyekufa ni wa nani, andikeni swali hilo na mrudi mezani kwa mhariri.

Nawe msomaji, ukiamua kuzitazama mbili hizi, Neptune Frost iweke usiku ukiwa peke yako na spika nzuri, uifaidi kwa ngoma na maleba yake. Nairobi Half Life usiitazame peke yako. Ita jirani, ita binamu, ita na yule mzee anayesema hatazami sinema.